Glavu za kuteleza thelujini: za vidole au za mfuko?

BintiKaloleni (Kisumu)

Assalam aleikum, na habari zenu wakubwa. Januari nasafiri kwenda Innsbruck, Austria, masomo ya muhula mmoja. Wenzangu wa huko wameshaniweka kwenye orodha ya kwenda mlimani kila Jumamosi, kujifunza kuteleza kwa ule ubao mmoja ambao unasimama juu yake kiubavuubavu. Buti na ubao nitakodi hukohuko, jaketi ninalo, ila glavu wameniambia kila mtu aje na zake.

Jumapili nilipita soko la Kibuye nikaona lundo zima la glavu za baridi zilizotoka kwenye bale ya mitumba. Kuna za vidole vitano, kuna zile ambazo vidole vinne vinaingia chumba kimoja na gumba chake. Sijui nichague zipi wala niangalie nini. Sina zaidi ya elfu tatu na mia tano. Na niseme mapema, mimi ni mtu wa kushikwa na baridi ya vidole hata nikifika Kericho tu.

MkaaMolo

Waaleikum salaam, dada. Mimi ni mtu wa Molo, na nimefanya kazi misimu miwili ya baridi kwenye milima ya Alberta, Kanada, kuwapandisha watu kwenye vile viti vinavyoning'inia kwenye waya. Kutwa nimesimama thelujini, koleo mkononi. Nakuomba usome polepole kabla hujatoa hata shilingi moja.

Chukua za mfuko, hizo za vidole vinne chumba kimoja. Vidole vikikaa pamoja vinapeana joto, kama watoto wanne chini ya blanketi moja. Za vidole vitano zinamlaza kila mtoto kitanda chake, na kila kidole kinapigwa na baridi pande zote. Tena mtu wa ubao hashiki kitu mkononi. Mwenye skii, zile mbao mbili za miguuni, ana fimbo mbili za kushika, wewe huna. Vidole unavihitaji pale tu unapofunga na kufungua mikanda ya ubao, kisha unateremka bila kushika kitu.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nililijua kwa kuumia. Siku ya kwanza kazini nilivaa glavu nilizonunua Nakuru, duka silitaji. Zilikuwa nene, zimejaa, na lebo inasema hazipitishi maji. Niliona zimenibana vizuri nikafurahi. Kumbe ndani bitana ni ya pamba. Kufikia saa nne asubuhi jasho langu na theluji vimekutana humo ndani, na ilipogonga saa sita vidole viwili vya mkono wa kushoto sivisikii. Vitabu vingi vinasema ngozi hugeuka nyeupe au nyekundu. Kwa ngozi yetu haiko hivyo. Vyangu viligeuka rangi ya kijivu, kama nilivyokuwa nikirudi shuleni Molo asubuhi ya Julai bila mafuta, vikavu na vigumu kama nta. Mwenzangu mmoja alinivua zile glavu, akaniambia nitie mikono kwapani mwangu, chini ya jaketi, na nisisugue. Nilitaka kukimbilia hita, akanizuia: kidole kisichosikia baridi hakisikii moto pia, utakiunguza hujui. Damu iliporudi niliuma meno. Mpaka leo vidole hivyo viwili ndivyo vinavyotangulia kuhisi baridi.

Kwa hiyo dada, glavu haitengenezi joto. Joto linatoka kwenye damu yako, glavu kazi yake ni kulizuia lisikimbie, na kinacholizuia ni hewa iliyotulia ndani. Glavu ikikubana umeondoa hewa na umebana damu, hata iwe nene kama godoro.

Otis_Kondele

Mkuu wa Molo, nakuheshimu lakini hapo tunatofautiana. Mimi nimeteleza ubao Norway miaka mitatu nikiwa masomoni, na za mfuko zilinisumbua. Kila ukitaka kufunga mkanda, kuvuta zipu, kutoa simu, lazima uvue. Na kuvua ndiko kunakoleta baridi. Nilihamia za vidole, nene kidogo, na sikurudi nyuma. Mtu anayeanza anaanguka kila baada ya hatua kumi, anafungua na kufunga mikanda kutwa. Atavua mara ngapi?

MkaaMolo

Otis ndugu yangu, hoja yako ni nzito na siipingi. Kuvua ndiko kunakoua joto. Ila dawa yake ipo: mfuko wa nje, na ndani yake glavu nyembamba ya vidole inayochomoka peke yake, ya sufu au ya kitambaa cha nyuzi za plastiki. Ukitaka kidole unatoa mfuko wa nje tu, unaning'inia kwenye kamba ya kifundo cha mkono, na mkono haubaki mtupu. Ndani ikilowa unabadilisha ya pili uliyoiweka mfukoni mwa jaketi. Glavu ambayo bitana yake imeshonewa ndani ikilowa saa tano, siku yako imekwisha.

Tena mikanda ya ubao ina ulimi mkubwa wenye meno na kishikio cha plastiki. Ukizoea, unaifunga na mifuko mkononi. Dada, fanya hivi nyumbani: vaa glavu, chukua begi la shule lenye vishikizo vya kubonyeza, lifunge na ulifungue mara ishirini, kisha vuta zipu ya jaketi. Siku ya tatu utaona mikono imeshajua. Zipu ikikushinda, ifunge kijikamba kwenye kichwa chake.

Na kwa yule ambaye mioyo yake ni miwili, kuna aina ya tatu: gumba peke yake, kidole cha shahada peke yake, vitatu vilivyobaki chumba kimoja. Joto lake liko katikati ya hizo mbili.

BodaMauSummit

Wadau, mimi theluji sijawahi kukanyaga, lakini baridi naijua. Naendesha pikipiki kati ya Mau Summit na Timboroa, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Timboroa kule ni zaidi ya mita 2,700. Upepo wa pikipiki ukikukuta na ukungu, brek unaibonyeza kwa kukisia. Siri yangu: navaa zile glavu nyembamba za hospitali kwanza, halafu za sufu, halafu kwenye usukani nimefunga ile mifuko ya turubai. Dada ajaribu hiyo ya hospitali, bei yake ni ya kununua maandazi.

MkaaMolo

Boda, umenikumbusha nyumbani kabisa. Hiyo mifuko ya turubai kwenye usukani ndiyo kanuni ileile ya glavu za mfuko: vidole vyote ndani ya chumba kimoja kisichoingia upepo. Wewe huwezi kuvaa za mfuko kwa sababu ya klachi na brek, ndiyo maana ukaujenga mfuko kwenye pikipiki yenyewe. Upepo unapeperusha ile hewa yenye joto iliyokaa juu ya ngozi, kwa hiyo kukiwa na nyuzi tano na wewe uko mwendo wa sitini, ngozi inapoteza joto kana kwamba kuna baridi kali zaidi.

Glavu ya hospitali inafanya kazi, wapanda milima pia wanaitumia kwenye baridi kali sana. Inazuia jasho lisifike kwenye sufu. Shida ni kwamba jasho linabaki kwenye ngozi. Kwa safari yako ya nusu saa si neno. Kwa anayejifunza ubao kwa muda wa saa tano, anayeanguka na kujiinua, mkono utakuwa kama umetoka kufua. Dada asiifanye ndiyo kawaida yake.

BintiKaloleni

Nashukuru sana kaka zangu. Nina maswali mawili. La kwanza: nitajuaje kwenye lundo kwamba glavu haipitishi maji, maana lebo nyingi zimefutika? La pili: nimeona nyingi ni za ngozi, na moja nilisoma ni ya nguruwe. Mimi ni Mwislamu, singependa. Nitazitambuaje zile zisizo na lebo?

FundiNgoziNakuru

Dada, la pili niachie mimi, nashona na kutengeneza ngozi hapa Nakuru. Chukua glavu, iweke juani, tazama upande laini wa ngozi kwa karibu, ukiweza kwa kioo cha kukuzia. Ngozi ya nguruwe vitundu vya nywele zake hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. Ukiona mafiga yametapakaa kote, iweke chini. Ya mbuzi vitundu vyake ni vidogo, vimejipanga kwa vijistari vilivyopinda, na ukiibonyeza inakunja mikunjo midogomidogo. Ya ng'ombe vitundu vimesambaa sawasawa, na huwa nzito zaidi. Lakini kama ngozi imekwanguliwa ikawa na manyoyamanyoya juu, vitundu havionekani vizuri. Hapo usikisie, chukua ya kitambaa.

Kwa mkono wa kazi mimi napenda ya mbuzi. Ni nyembamba lakini haichaniki upesi, na inafuata mkono.

Jihadhari na ngozi bandia. Kunja kiganja cha glavu kwa nguvu. Ikitoa magamba kama ukuta uliobanduka rangi, imekwisha hiyo, hata kama haijavaliwa. Inaozea kwenye bale kwa unyevu na miaka.

MkaaMolo

Fundi, ahsante, hiyo ya mafiga sikuijua. Pale Alberta wengi wetu wa kwenye viti tulivaa glavu za kampuni ya Kinco, na zile za kawaida ni za ngozi ya nguruwe, kwa hiyo dada ukikuta jina hilo lipite.

Sasa la maji. Lebo zikisema "inavumilia maji" na nyingine "haipitishi maji", hizo ni ahadi mbili tofauti. Ya kwanza itahimili theluji kavu kidogo. Ya pili ina utando mwembamba katikati ya kitambaa cha nje na kinga ya joto. Gore-Tex ndilo jina linalojulikana zaidi, ziko nyingine. Utando huo hauruhusu tone kuingia, ila mvuke wa jasho unatoka. Na kwa kuwa unazuia upepo pia, unaweza kuupima bila lebo: shika mdomo wa glavu, izibe midomoni kama puto, puliza kwa nguvu. Ikijaa na kukaa, utando upo na ni mzima. Ukisikia hewa inatoka kwenye ncha ya kidole au kwenye mshono, weka chini. Sokoni watu watakutazama, waache watazame.

Kisha tazama kiganja. Anayeanza ubao hukaa chini kwenye theluji kufunga mikanda, halafu anajisukuma kwa mikono kusimama. Kiganja na gumba ndivyo vinavyolika kwanza. Nataka uone kipande cha pili cha ngozi au kitambaa kigumu pale, na mshono maradufu. Gumba likiwa na kitambaa laini mgongoni, ni la kufutia makamasi, utalihitaji kuliko unavyodhani.

Shingo ya glavu, yaani pale inapopita kifundo cha mkono, ziko fupi za kuingia ndani ya mkono wa jaketi na ndefu za kupita juu yake zenye kamba ya kukaza. Chukua ndefu. Ukianguka mikono mbele, theluji inaingia kama maji kwenye mtaro, na ikishaingia kifundoni haitoki, inayeyuka humo.

Halafu jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ingiza mkono ulio na unyevu kidogo, kisha utoe haraka. Bitana ikitoka na mkono kama soksi iliyogeuzwa, acha. Mlimani utakaa dakika tano unarudisha vidole vya bitana mahali pake, huku mkono uko nje.

Kipimo: pima kwa futi ya kushonea kuzunguka kiganja, juu kidogo ya gumba, bila gumba. Sentimita 19 ni karibu namba 7 kwa makampuni mengi ya Ulaya. Ukivaa, ncha ya kidole kirefu ibakize nafasi kama nusu sentimita. Kunja ngumi. Ukihisi ncha inasukuma mwisho, panda namba moja.

MamaTrizaKitale

Niongeze kidogo. Huku kwetu tunapanda Mlima Elgon na wageni, na asubuhi kwenye njia ya kilele cha Koitobos, mita 4,222, nyasi zinavunjika kwa jalidi. Wengi wanaolalamika mikono ukiwatazama hawana kofia, na shati limelowa jasho. Mwili ukiona kifua kinapoa unaibana damu ya mikononi ili uokoe moyo. Binti yangu, vaa kofia na ufunike shingo, usiilaumu glavu peke yake. Na vidole vikianza kufa, zungusha mkono wote kutoka begani kama unatwanga hewa, duara kubwa, mara thelathini. Damu inatupwa mpaka nchani.

Otis_Kondele

Mama Triza amesema kweli, hiyo ya kuzungusha tuliitumia kila siku.

Nami niseme moja ambalo ni la hatari kuliko baridi. Kwa wanaoanza ubao, mfupa unaoumia sana ni wa kifundo cha mkono. Unaanguka kinyumenyume, mkono unakwenda wenyewe kuizuia ardhi, na uzito wote unatua kwenye kiganja kilichofunguliwa. Mwenzangu mmoja alivunjika siku ya pili, tukiwa mahali pa watoto kabisa. Nunua kinga ya kifundo, ile yenye kipande kigumu, uivae chini ya glavu. Kuna kampuni ya Italia, Level, inayoshona kinga hiyo ndani ya glavu zenyewe, ila bei yake si ya elfu tatu. Hapa ndipo nakubaliana na mzee wa Molo: kinga ya kifundo haiingii vizuri kwenye glavu ya vidole iliyobana. Za mfuko zina nafasi.

Na ukihisi unaanguka, kunja ngumi na utue kwa mkono mzima kuanzia kiwiko.

MkaaMolo

Otis, hilo ndilo nililosahau na lilipaswa kutangulia. Dada, nenda Kibuye na kinga hiyo ikiwa mkononi tayari, upime glavu juu yake.

Wanaoniuliza inboksi kuhusu glavu nyembamba walizoziona kwenye picha za Philip Boit wa Eldoret, yule aliyetuwakilisha kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998: mchezo wake ni skii za mbio ndefu. Mtu anakimbia kilomita kumi na fimbo mikononi, mwili unachemka. Huko glavu nyembamba ndizo zinazofaa. Kwenye ubao unateremka dakika chache, halafu unakaa kwenye kiti cha waya umetulia, upepo unakupiga. Ni baridi ya kukaa, hiyo.

BintiKaloleni

Wakubwa, nimerudi na habari. Jumapili niliwahi Kibuye saa moja kasoro, bale ndiyo inafunguliwa. Muuzaji alikuwa akitenga kamera, yaani zile bora, upande wake, sisi wengine tusubiri fagia, yaani mabaki. Nilimwambia nataka za mfuko tu akacheka, akasema hizo huwa zinabaki, watu wa boda wanataka vidole. Akaniachia nichague kwenye kamera kwa bei ya kawaida.

Nilipuliza glavu kumi na moja. Saba zilivuja. Moja iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa na mafiga ya Fundi kote kiganjani, nikairudisha. Nyingine bitana ilitoka na mkono. Nikabaki na jozi moja ya mfuko, kitambaa cheusi, kiganja cha ngozi ya mbuzi, shingo ndefu, na glavu ya ndani inayochomoka. Imeingia juu ya kinga ya kifundo. Shilingi mia sita na hamsini. Nikachukua na jozi ya vidole ya mia mbili, nayo ilijaa hewa vizuri, ili nizilinganishe.

Mjomba wangu anauza samaki, ana sanduku kubwa la barafu ya kusagwa. Jana jioni nilimwomba ruhusa, nikatia mkono wa kushoto ndani ya mfuko, wa kulia ndani ya glavu ya vidole, nikaizamisha yote miwili kwenye barafu mpaka kifundoni. Saa ya simu mbele yangu. Dakika ya tisa ncha za mkono wa kulia zilianza kuuma, ya kumi na nne nikautoa. Wa kushoto ulikuwa bado una joto dakika ya ishirini. Lakini nilipovua nikakuta upande wa gumba pamelowa, duara kama sarafu ya shilingi kumi, kwenye mshono. Na niliipuliza, ikashika hewa! Ni nini?

MkaaMolo

Dada, umefanya kazi ambayo hata sisi wa kwenye viti hatukuifanya. Barafu ya samaki inayoyeyuka ni mtihani mkali wa maji kuliko theluji kavu. Upande wa baridi usisahau kwamba sanduku lile liko kwenye sifuri tu, na mlimani Januari itashuka chini ya hapo, na upepo juu yake. Kwa hiyo nunua jozi ya pili ya glavu za ndani, za sufu.

Huo unyevu nadhani ni ngozi inayokunywa maji kwenye mshono, utando hauna neno. Ngozi inataka nta. Fundi, tusaidie.

FundiNgoziNakuru

Ni mshono, naam. Tafuta nta ya nyuki safi, si ya mshumaa wa dukani. Kausha glavu kwanza kabisa. Iweke juani dakika kumi ili ngozi ipate uvuguvugu, usiikaribishe kwenye jiko, itakakamaa na kupasuka. Paka nta kidogo kwa kidole, isugue mpaka iingie kwenye matundu ya sindano, ya gumba na ya kiganja chote. Futa iliyozidi kwa kitambaa. Rudia siku ya pili. Kitambaa cheusi cha juu usikipake, kinataka kupumua. Na huko Austria kila ukirudi jioni, chomoa ya ndani, tia gazeti lililokunjwakunjwa kwenye mfuko wa nje, itundike mdomo chini mbali na hita.

BintiKaloleni

Nimepata nta kwa mama mmoja muuza asali, kipande cha hamsini. Nimepaka mara mbili kama ulivyoelekeza, Fundi. Leo nimerudi kwenye sanduku la mjomba na mkono wa kushoto peke yake, nusu saa nzima, nikiukunja na kuukunjua humo barafuni. Nimevua mbele yake, nikageuza ile ya ndani na kumpa aishike mwenyewe. Kavu, gumba na yote.

Ile jozi ya vidole nimempa yeye, anasema itamfaa saa tisa za usiku akipokea samaki. Zangu nimeziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kutoa harufu ya ngege, bila kukamua. Zimening'inia kivulini uani, na magazeti ndani.